Nilipiga mluzi njiani Lupanga, ukajibiwa. Gaidi wetu akakataza nisirudie. Kwa nini?

#1 Kijana wa Kihonda
Wakuu, salaam.

Jumamosi iliyopita tulipanda Lupanga, kilele cha milima ya Uluguru, watu watano na gaidi wetu (mwongoza njia, msije mkapiga simu polisi). Malipo tulimaliza Ijumaa ofisi ya hifadhi hapa mjini Morogoro, safari ikaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mashambani hakuna neno. Migomba, mahindi, watoto wanaamkia, kina mama wanashuka na mabeseni ya mboga kichwani na kandambili miguuni, wanatupita sisi wenye mabuti kama tumesimama. Ukiingia msituni ndipo shughuli inaanza. Njia imesimama kama ngazi, unapanda kwa kushika mizizi, na ukungu ulishuka mpaka nikawa naona visigino tu vya aliye mbele yangu.

Mimi nikichoka nina tabia ya kupiga mluzi. Nikapiga ule wa kumwita mtu, mirefu miwili. Kimya kidogo. Halafu kutoka juu, upande wa kushoto, ukajibiwa. Nikacheka, nikajua kuna kundi lingine. Gaidi akasimama, akachomeka panga chini, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amepiga?" Nikasema mimi. "Usirudie. Na kuanzia hapa hatuitani majina. Mwenye shida apige makofi."

Basi. Hakufafanua. Mbele kidogo njia inagawanyika, akakata tawi bichi, akalilaza kwenye njia ya kushoto, sisi tukashika ya kulia. Kileleni hatukumkuta mtu, kushuka hatukukutana na mtu. Nilipomuuliza tukiwa tumefika mashambani, akaniambia, "Ah, hayo tumeshayaacha huko huko."

Wajuzi wa mlima, kwa nini alikataza? Na nani alinijibu?

#2 Dogo Msamvu
Hii chai, tena ya tangawizi. Picha ziko wapi?

#3 Mzee wa Mgeta
Dogo tulia, watu wazima waongee.

Mleta mada, huyo kijana aliyewaongoza kalelewa. Mimi ni Mluguru wa Mgeta, na bibi yangu alitufundisha kwamba msituni jina la mtu haliropokwi, kwa sababu anayesikia si mwenzako peke yake. Ukiitwa mara moja huitiki. Unangoja ya pili, ya tatu, ndipo unajua ni binadamu, maana binadamu hukasirika akirudia. Mluzi ni hivyo hivyo. Umeita bila kumtaja unayemwita, basi yeyote ana haki ya kuitika.

Na mlima huu haukuwa pori la bure. Kila lukolo, yaani ukoo kwa upande wa mama, ulikuwa na ardhi yake na mahali pake pa kutambikia. Kupita ulipita, ila kwa adabu. Alipowaambia mpige makofi aliwapa njia ya heshima. Kwetu mtu hubisha hodi kwa makofi.

#4 Bwana Ndege
Shikamoo Mzee. Naheshimu, ila mimi nina mtuhumiwa mwenye mabawa.

Uluguru kuna ndege anaitwa tiva wa Uluguru. Kichwa cheusi, tumbo la njano, anakaa juu kabisa kwenye vilele vya miti mikubwa, na duniani kote hapatikani mahali pengine ila milima hii. Kumwona ni kazi. Watu hutoka Ulaya, wakalala siku nne mlimani, wakarudi wamemsikia tu. Sauti yake ni mluzi. Ana ndugu yake, tiva kichwa-kijivu, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika. Kule Afrika Kusini Makaburu wamempa jina la ndege mzuka, kwa sababu ya mluzi wake mrefu wa huzuni unaotoka mtini na humwoni.

Ndege wa namna hii wana mipaka. Ukipiga mluzi kwenye eneo lake, dume anadhani mwenzake kavamia, anajibu. Ndiyo maana waongozaji waliofundwa vizuri hawapendi wageni wanaopiga miluzi ovyo au kucheza sauti za ndege kwenye simu, hasa wakati wa kutaga. Unamtoa kwenye kiota kuja kugombana na mtu ambaye hayupo.

#5 Dogo Msamvu
Sasa Bwana Ndege, ndege ndiye anakataza watu wasiitane majina? Akisikia "Juma" anadhani Juma kavamia kiota?

#6 Bwana Ndege
😂 Hapo umenikamata. La majina namwachia Mzee.

#7 Mkulima Kinole
Mnazunguka tu. Mimi nimekulia Kinole, upande wa pili wa mlima, nawaambia kitu ambacho hamtaki kusikia: wapasua mbao.

Mluzi ndiyo simu yao. Mmoja anakaa njiani, akiona wageni au doria anapiga, wa juu anajibu, misumeno inanyamaza. Wewe kijana umepiga mluzi mirefu miwili, pengine bila kujua umetoa ishara ya watu, na aliyekuwa kambini akakujibu akidhani ni mwenzake. Gaidi akajua papo hapo. Ana wageni wanne watano, hana bunduki, afanye nini? Kanyamazisha watu, kakataza majina yasisikike, kaziba njia ya kushoto ili mkirudi asije mtu akakosea akaingia kambini kwao. Na hakuwaambia kwa sababu anaishi kijiji kimoja na hao hao. Jumapili wanakaa benchi moja.

Hadithi ya mizimu ni nzuri kwa sababu haimtaji mtu.

#8 Mzee wa Mgeta
Mkulima, sijasema mizimu. Nimesema adabu.

#9 Mama Porini
Naomba niingie kikazi. Nimebeba mizigo Kilimanjaro, nikawa mpishi, sasa naongoza. Naona mnasifia kukataza mluzi kana kwamba ni jambo jema. Mlimani mluzi ni uhai! Kila mgeni wangu ana filimbi shingoni. Ishara ya shida milimani inajulikana: sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia. Anayekusikia anakujibu kwa tatu.

Kwa hiyo mtu kupiga mluzi kwa kuchoka kweli si vizuri, unaweza kuwatoa watu mbio bure. Kama sababu ya gaidi ni hiyo namwelewa. Lakini alipaswa kusema. Kumkataza mgeni bila kumweleza ni kumfundisha kuogopa asichokijua.

Swali kwa mleta mada: ulijibiwa MARA NGAPI?

#10 Kijana wa Kihonda
Asanteni wote. Mama Porini umenitisha. Nikikumbuka vizuri ni mara tatu.

#11 Dogo Msamvu
Tatu!!! Kwa hiyo kuna mtu huko juu alikuja kukuokoa na mkamzibia njia kwa tawi.

#12 Fundi Redio
Kabla hamjaunda kikosi cha uokoaji, kuna kitu kinaitwa mwangwi. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Ukiwa na ukuta wa mlima mita 170 mbele yako, mluzi unakwenda na kurudi kwa sekunde moja. Lupanga imejaa makorongo. Sauti moja ikigonga kuta mbili zenye umbali tofauti inakurudia mara mbili, na ya mwisho hafifu unaihesabu ya tatu. Mwongozaji kakataza kwa sababu mwangwi kwenye ukungu hupoteza watu: unaita, unasikia sauti kushoto, unaifuata, kumbe ni yako mwenyewe. Ndiyo maana makofi ni bora. Kofi ni fupi na kavu, ukilisikia mara ya pili unajua limegonga kitu.

Hicho "kimya kidogo" kilikuwa sekunde ngapi?

#13 Kijana wa Kihonda
Fundi, nilikuwa nimeshika mzizi kwa mkono mmoja na chupa ya maji kwa mkono mwingine. Saa ningeiangalia wapi?

Ila mwangwi hupanda sauti? Maana uliojibu ulikuwa mwembamba kuliko wangu.

#14 Fundi Redio
Hilo linanisumbua. Nitarudi.

#15 Tajiri wa Mawazo
Mnashangaa nini? Lupanga ndiyo kilele kirefu kuliko vyote Uluguru, na pango la mzimu Kolelo liko hapo hapo, lile la wakati wa Maji Maji. Na Uluguru ndiyo hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, walijua kabisa pana kitu.

#16 Mzee wa Mgeta
Tajiri, mawazo unayo, ramani huna. Lupanga inaonekana kubwa kwa sababu imesimama juu ya mji. Ina mita 2,100 na ushee. Kirefu ni Kimhandu, huko Uluguru Kusini, kinapita mita 2,600. Na Kolelo ni habari za Kolero, kusini-mashariki huko, siku nzima ya safari. Sifa zake zilifika hadi Rufiji, ni kweli, na mwaka 1905 watu walimtaja sana. Lakini usimhamishie Lupanga kwa sababu tu ndiko mnakopanda nyie.

#17 Bi Mkubwa wa Muheza
Na hilo la hifadhi ya kwanza nalipinga mimi. Ya kwanza ni Amani, kwetu Usambara Mashariki, mwaka 1997. Uluguru imekuja 2008. Bustani ya mimea ya Amani yenyewe Wajerumani walianza kuipanda 1902. Karibuni, kuna vinyonga wenye pembe na dugumbi mwitu la zambarau ambalo Wazungu wanalipanda madirishani kwao, asili yake ni miamba yetu.

Halafu mluzi ndiyo nini? Kwetu Tanga tunasema mbinja.

#18 Dogo Msamvu
Bi Mkubwa, dugumbi ndiyo nini tena? Hapa tunatafuta aliyepiga mluzi unatuongezea msamiati.

#19 Bi Mkubwa wa Muheza
Ua, mwanangu, ua! Dogo la majani manene yenye manyoya. Nimelitaja kwa jina tulilokuwa tukiliita nyumbani, huenda ni nyumbani kwetu peke yetu. Turudi kwenye mbinja.

Hata Amani mwongozaji alitukataza, ila yeye alieleza: miaka ya 2000 mwanzoni, wachimba dhahabu walipovamia Sakale, msitu ulijaa watu wasiojuana, na toka hapo wakaona bora anayetembea na wageni asijitangaze. Kwa hiyo namuunga mkono Mkulima Kinole, nusu.

#20 Mtaita
Hamjambo majirani. Nawakumbusha Tao la Mashariki, yaani safu ya milima hii yetu sote, halianzii Usambara, linaanzia kwetu Taita, Kenya. Mnatusahau kila siku kwa sababu misitu yetu imebaki vipande vipande.

Kwetu kuna misitu midogo inaitwa fighi. Ilikuwa ya kulinda mji, huingii kukata kuni wala kuleta kelele. Nimempeleka mwanangu mlima Vuria mwaka jana, yule jamaa aliyetuongoza, kijana tu wa simu kubwa na vipokea sauti masikioni, tulipofika mahali fulani akavitoa masikioni na kunyamaza. Nikamuuliza mbona. Akasema, "Sijui. Baba alikuwa ananyamaza hapa." Na si kwamba alikuwa anatuficha. Kweli hakujua.

Labda gaidi wenu naye hajui.

#21 Mkulima Kinole
Mtaita, umeniharibia hoja yangu vizuri sana.

#22 Mtu wa Tukuyu
Nachangia kisa cha kwetu, mtaamua kinakaa upande gani. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja mnyama anaitwa kipunji, mlima Rungwe. Watafiti waliposikia walidhani labda ni wa hadithi, kwa kuwa wazee walikuwa wanachanganya wanyama wa kweli na wa mizimu kwenye simulizi moja. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho: nyani mrefu wa kahawia mwenye ushungi kichwani, na mlio wa ajabu, nusu kubweka nusu honi ya gari. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka uliofuata akapewa jenasi (kundi la kisayansi) yake mwenyewe. Haikuwa mizimu, wala uongo.

Kwa hiyo Fundi Redio akishindwa na Bwana Ndege akishindwa, msikimbilie kusema hakuna kitu.

#23 Bwana Ndege
Nyongeza ndogo: si nyani, ni kima, ingawa ndugu zake wa damu ni nyani. Mengine yote sawa.

#24 Nimechoka Kulipa
Mimi naona jambo rahisi. Tunalazimishwa kuchukua mwongozaji, njia ikionekana wazi watu watauliza tunamlipa kwa nini. Basi lazima kuwe na mluzi, tawi, na "usirudie". Biashara hiyo. Kuna kampuni moja, siitaji, ilitutoza pesa ya mwongozaji mzoefu Uluguru, tukaletewa bodaboda aliyeuliza njia kwa kina mama wa mboga.

#25 Aliyelala Juu
Nimechoka Kulipa, nilikuwa na mawazo kama yako mpaka Juni fulani nilipopanda na rafiki yangu peke yetu. Kupanda hakuna tatizo, njia zote zinakutana kwenda juu. Kushuka ndipo zinapoachana. Saa tisa ukungu ukaingia, na kwa kuwa upande wa mashariki ndio unaopokea upepo wa bahari, ukungu ule hauondoki kwa kukohoa. Simu yangu ilionyesha kidoti cha buluu katikati ya kijani tupu. Tukashuka na kijito tukidhani maji yanakwenda mjini. Yanakwenda, ila yanaruka maporomoko kwanza. Saa kumi na mbili na nusu chini ya miti ni usiku kabisa. Tulilala tumeegemea gogo, tumevaa mifuko ya plastiki ya mkate miguuni, tunasikia pelele (pimbi wa mitini) analia tukadhani mtu ananyongwa.

Asubuhi tulipata njia. Tulipofika pale inapogawanyika, kulikuwa na tawi kavu limelazwa kwenye njia tuliyoipita jana. Tulilikanyaga tukipita, wala hatukujua linasema nini.

Tawi ni mlango uliofungwa. Hilo naapa. La mluzi sijui.

#26 Mama Porini
Aliyelala Juu, pole sana. Kijito hakifuatwi jamani! Mkipotea kaeni mahali, pigeni sita.

#27 Nimechoka Kulipa
Sawa, la tawi nimekubali. Bei sijakubali.

#28 Shangazi Nanenane
Mimi nilikuwepo. Nilikuwa wa tatu kwenye mstari, nyuma ya mleta mada. Nimeusoma uzi wote nimecheka, sasa nirekebishe.

Moja, hukujibiwa mara tatu. Mbili. Ya tatu ni wewe ulicheka kwa kubana pumzi.
Pili, haikutoka kushoto juu, ilitoka kulia. Tulipokata kulia ndipo nikaogopa, nikajiuliza mbona tunakwenda kuliko na sauti.
Tatu, gaidi hakusema "usirudie". Alisema "usimrudie".

#29 Dogo Msamvu
Naondoka kwenye huu uzi.

#30 Mkulima Kinole
Usimrudie NANI? Hilo ndilo swali. Kama ni mtu wa mbao, "usimrudie" inakaa vizuri.

#31 Bwana Ndege
Hata ndege inakaa vizuri.

#32 Mzee wa Mgeta
Na kwangu inakaa vizuri kuliko kwenu wote. 🙂

#33 Kijana wa Kihonda
Shangazi, mbona siku ile kwenye gari hukusema? Na ni kushoto. Mkono wa kushoto ndio ulikuwa umeshika mzizi, nikageuza shingo juu ya bega hilo hilo.

#34 Shangazi Nanenane
Uligeuka nyuma kuniangalia mimi, kwa hiyo kushoto kwako kukawa kulia kwangu. Kwenye gari ulikuwa unakoroma. Isitoshe nina video ya dakika moja na nusu, nilikuwa narekodi mizizi.

#35 Fundi Redio
VIDEO? Siku nne tunabishana na video ipo? Shangazi itupie.

#36 Shangazi Nanenane
Nimeisikiliza mara sita. Koti langu la mvua linachakacha, yule dada wa nyuma anahema kama mashine ya kukoboa. Mluzi wa kwanza unasikika vizuri. Baada yake kuna kitu, ila simu ilikuwa ikigonga zipu. Gaidi anasikika "us—", halafu nimezima kumsikiliza.

#37 Fundi Redio
Nitumie inboksi, naweza kupunguza chakacha.

#38 Bwana Ndege
Na mimi nitumie. Usiikate, nataka na ule ukimya wa katikati.

#39 Mama Porini
Mkimaliza na video, kuna mtu amewahi kumpigia gaidi mwenyewe? Namba si mnayo?

#40 Kijana wa Kihonda
Nimempigia leo mchana. Yuko shambani anapalilia njegere, mtandao unakatika. Nimemsomea hoja zenu zote, ya Mzee, ya tiva, ya mbao, ya mwangwi. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema Jumamosi ya wiki ijayo ana nafasi, na tukija tena tuvae viatu vyenye meno, wale wawili walioteleza walikuwa na raba za mjini.

#41 Dogo Msamvu
Mnaondoka saa ngapi na nafasi zimebaki ngapi?

#42 Kijana wa Kihonda
Saa kumi na mbili kamili, zimebaki mbili. Mluzi unauacha nyumbani.

#43 Mzee wa Mgeta
Nipeni moja. Magoti yangu yanafika pale inapogawanyika, mtanikuta hapo mkishuka.